Mkono wa Ezron

Igamba, Mbozi. Jumapili, 9 Novemba 1997

Mvua ya kwanza imeshuka leo tukiwa bado kanisani. Tuliporudi tulikuta honi ya Pijo inalia bandani na ndani ya gari hakuna mtu. Ililia kwa sauti nyembamba, ya kukatikakatika, kama mtu anayeita huku ameziba mdomo. Kisha ikanyamaza. Binti yangu Recho alinishika mkono. Baba mkwe alivua kofia akasimama mlangoni mwa banda, maji yanamchuruzika usoni, akasema, "Ezron amerudi na mvua."

Nimepika, tumekula. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

12 Novemba

Mvua. Tumepanda mahindi shamba la juu.

Jumamosi, 15 Novemba

Honi imelia tena asubuhi, nikiwa nakamua ng'ombe. Nimeacha ndoo nikaenda hadi bandani. Vioo vilikuwa na ukungu kwa ndani. Nilisema, "Baba Recho?" Nikaona aibu, nikarudi.

Gari lenyewe ni Pijo 404, rangi ya maziwa. Mzee Yonasi, baba mkwe wangu, alilinunua zamani kwa Mzungu wa kilimo aliyekuwa anarudi kwao, enzi ambazo kahawa ilikuwa bado inamvisha mtu suti. Mume wangu Ezron alijifunzia udereva humo. Baadaye alipokuwa na gari lake Tunduma, akija nyumbani kazi yake ya kwanza ilikuwa kulala chini ya Pijo la baba yake. Mara ya mwisho alishinda siku nzima chini ya dashibodi, miguu tu ndiyo inaonekana nje, anaimba wimbo ule ule mmoja huku anafunga tepu kwenye nyaya.

Agosti ya mwaka jana Ezron aliungua na Land Rover yake kuukuu karibu na Mpemba, akitokea Tunduma. Alikuwa na rafiki yake Makene, Msukuma wa Kamsamba, mfanyabiashara wa ng'ombe. Makene alitoka hai. Hakuja msibani. Hakuja arobaini. Hapa kijijini wanasema mtu anayetoka hai kwenye moto na asije kuzika, anajua moto ulitoka wapi. Baba mkwe anasema wazi kwamba ulitumwa.

Na mimi nimesema hivyo. Nimesema mara nyingi.

23 Novemba

Jumapili. Baba mkwe ameliwasha Pijo kama afanyavyo kila akitoka ibadani. Haliendeshi, anakaa tu ndani linaunguruma, mikono kwenye usukani, kisha analizima. Banda zima linanuka petroli. Nilimwambia, "Baba, harufu hii si nyingi?"

Akasema, "Gari la zamani lazima linuke, Mama Recho. Lisiponuka ujue limekufa."

Ezron alikuwa anasema hivyo hivyo, maneno yale yale.

4 Desemba

Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Redio inasema ni ya El Nino. Honi imelia mchana, Recho yuko shambani, nashukuru.

25 Desemba

Krismasi. Watu wachache kanisani, njia haipitiki. Zabron, mchumba wa Recho, amekuja kwa miguu kutoka Mlowo, suruali imekunjwa hadi magotini. Ni mwalimu huko Mkwajuni, mpole, anacheka kwa aibu. Wamekubaliana na baba mkwe: ndoa Jumamosi baada ya Pasaka, kabla likizo yake haijaisha.

Tulipomaliza kula baba mkwe alisema, "Mtoto wa Ezron hatakwenda kanisani kwa miguu. Atakwenda na Pijo. Baba yake alilitengeneza kwa mkono wake. Ndiye atakayemkabidhi."

Recho alilia kwa furaha. Akamkumbatia babu yake, na mimi nikaona mgongo wa mzee unatetemeka. Nilitoka kwenda kuosha vyombo kwenye mvua, ingawa hapakuwa na haraka ya vyombo.

1 Januari 1998

Mwaka mpya. Ukungu hadi saa sita.

10 Januari

Nimeota Ezron anagonga kioo kwa ndani. Anataka kuniambia kitu. Mdomo unafunguka na sauti inayotoka ni ya honi.

Jumamosi, 24 Januari

Leo amekuja fundi Anania kutoka Mlowo kulitazama Pijo. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyemwita, maana anataka liwe tayari. Anania ni mtu wa majivuno, anavaa ovaroli safi na huongea kama yuko kwenye mkutano. Nilidhani hatafanya kitu.

Alifungua boneti, akainama, akaniita. "Mama, njoo unuse hapa." Nikanusa. Alishika mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta, akaukunja kidogo. Ukapasuka mbele ya macho yangu kama gome la mti mkavu. Petroli ikamlowanisha vidole.

"Ona. Na kabureta nayo inavuja kwa chini. Kila akiliwasha, tone linaangukia hapa." Akagonga bomba la eksozi kwa spana. "Hapa pakipata moto vizuri, tone moja linatosha."

"Lakini analiwasha kila Jumapili," nikasema.

"Basi kila Jumapili mnabahatika."

Baba mkwe alisikia, akanuna, lakini alikubali. Anania atabadilisha mpira wote kuanzia kwenye tenki, ataweka klipu mpya, atafungua kabureta na kubadilisha gasketi. Mpaka hapo tulikuwa vizuri. Kisha Anania akaingiza kichwa chini ya dashibodi akatoka anacheka. "Nani aliyeweka msumari?"

Kwenye nafasi ya fyuzi palikuwa na kipande cha msumari kilichokatwa. Alinieleza kwa kuwa nilimuuliza. Fyuzi imewekwa iwe dhaifu makusudi. Umeme ukizidi inakatika yenyewe, gari linazimika, unakasirika, basi. Msumari haukatiki. Umeme ukizidi, kitakachoungua ni waya. Na nyaya za Pijo hili ni zile za zamani za kuviringishwa kitambaa, zimekauka, panya wamezitafuna, na mvua ikinyesha unyevu unaunganisha palipo wazi. "Ndiyo maana honi inalia. Inapiga shoti. Hapo hakuna shetani, Mama. Hapo pana moto ambao haujaamua."

Baba mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijawahi kumwona hivyo. "Nani amekupa ruhusa ya kushika hapo?"

"Mzee, huu msumari..."

"Huo ni mkono wa mwanangu! Petroli, fanya. Mipira, fanya. Lakini hapo chini ameshika Ezron, hapaguswi na mtu mwingine. Umenisikia?"

Anania alikusanya spana zake. Alipokwisha kuondoka na baba mkwe kuingia ndani, nami niliinama chini ya dashibodi. Nilikuta tepu nyeusi, imefungwa kwa ufundi, raundi baada ya raundi. Ezron hakuwa anakata tepu kwa kisu. Alikuwa anaikata kwa meno. Alama za meno yake bado zipo kwenye kila ncha.

Nilikaa pale muda mrefu. Baba mkwe ana haki. Na Anania ana haki.

26 Januari

Nimeanza kung'oa kichwa cha betri, umeme usipite, kila jioni baba mkwe akiwa kwenye ng'ombe. Anania alinionyesha, ni nati moja tu. Usiku mvua ilikuwa kubwa na honi haikulia.

30 Januari

Haijalia.

3 Februari

Haijalia. Baba mkwe amekuwa mkimya mezani. Leo ameniuliza, "Umemsikia siku hizi?" Nimesema hapana.

8 Februari

Jumapili. Aliliwasha na betri ikagoma. Akafungua, akaona kichwa kimelegea, akakikaza bila kuuliza. Alinitazama tu.

11 Februari

Mvua ya mawe imepiga mahindi. Jioni nilikwenda bandani na spana mkononi. Nilisimama. Nyumba imekuwa kimya sana tangu nianze kufanya hivi. Ezron alizikwa jeneza limepigwa misumari, hawakuniruhusu nimwone, na kitu pekee kilichonijia kutoka kwake baada ya hapo ni sauti ile, hata kama ni shoti, hata kama ni panya.

Leo sikuing'oa. Nilitaka kusikia.

Imelia alfajiri, kidogo tu. Nimelia nayo.

12 Februari

Nimeing'oa. Sitarudia.

Jumamosi, 28 Februari

Nimemwona Makene.

Nilikwenda mnadani Mlowo kununua kitambaa cha Recho. Mvua ilipoanza nilijibanza kwenye kibanda cha wauza mchele wa Kamsamba. Mle ndani alikuwamo mwanamume amejifunika shuka hadi shingoni, ananitazama. Nilimtambua kwa urefu wake. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa mwaka mzima na nusu yote yalikuja kwa pamoja, na lililotoka ni moja: "Ulikimbia."

Akasimama. "Shemeji."

"Usiniite shemeji. Ulimwacha akaungua ukakimbia, hata kumzika hukuja."

Makene alifungua shuka akatoa mikono yake. Nilidhani amevaa kitu. Vidole vya mkono wa kulia vimeshikana kama vimemwagiwa nta, na wa kushoto vimebaki viwili vinavyokunjika. Ngozi inang'aa hadi kwenye viwiko.

"Nilikuwa hospitali Mbeya mlipokuwa mnazika," alisema. "Nilipotoka nilituma mtu Igamba. Alirudi na ujumbe kwamba nikikanyaga kwenu nitachomwa kama nilivyochoma. Sikuwalaumu. Mna uchungu."

Tuliketi juu ya gunia. Alinieleza, na ninaandika yote kama alivyosema, maana kesho nitaanza kutoamini.

Walitoka Tunduma gari linanuka petroli. Makene alilalamika, Ezron akacheka: gari la zamani lazima linuke. Walipokaribia Mpemba moshi ukaanza kutoka kwenye boneti. Ezron akasimamisha pembeni, wakashuka wote wawili, wazima, hata viatu havijachafuka.

"Alikuwa ameshatoka, shemeji," Makene alisema. "Hakuungua ndani ya gari. Tulikuwa nje, tumesimama barabarani."

Kisha Ezron akachukua galoni la maji, akaenda mbele, akaifungua boneti yote. Makene anasema moto ulikuwa mdogo chini kule, unajilamba, na boneti ilipoinuka hewa ikaingia na moto ukasimama kama mtu aliyekuwa amelala akaamshwa. Ukamshika Ezron kifuani. Naye akamwaga maji, na petroli ikaelea juu ya maji inawaka, ikamshukia miguuni. Makene alimvuta. Mikono yake ni kwa ajili hiyo.

Nilimfunika mikono kwa shuka lake mwenyewe, nikatoka kwenye mvua, kitambaa nikakisahau.

1 Machi

Sikwenda kanisani. Alikuwa ameshatoka. Alikuwa amesimama barabarani.

2 Machi

Nimejaribu kumwambia baba mkwe. Nilipotaja tu jina la Makene aliinuka akaacha ugali. "Mchawi amekuonyesha makovu na wewe umeamini. Kwani yeye alishindwa kujiunguza?" Nikasema kuhusu boneti, kuhusu maji. Akaziba masikio kwa viganja kama mtoto. Mzee mzima wa kanisa, ameziba masikio.

Nimeelewa kwamba si Makene anayemchukia. Anachukia kusikia kwamba mwanaye alikosea. Ikiwa moto ulitumwa, Ezron alikuwa fundi mpaka mwisho.

9 Machi

Mvua.

13 Machi

Mvua. Ukuta wa choo umeanguka.

Jumanne, 17 Machi

Nilikwenda Tunduma, nikavuka upande wa Nakonde. Kuna mama Mzambia anayeuza vipuri vya magari yaliyokatwa. Nilimsalimia kwa kile Kibemba changu kidogo, "Mulishani, bamayo," akacheka akanijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu. Nilimwambia nataka mtungi wa kuzimia moto wa garini. Akanionyesha mwekundu, mdogo kama chupa ya chai, mshale wa kipimo chake ukiwa kwenye kijani. Alinifundisha: vuta pini, elekeza chini panapoanzia moto, siyo kwenye mwali, fagia huku na huku. "Na usisogee karibu kwa ushujaa," alisema. "Wanaume ndio wanaokufa kwa ushujaa."

Basi lilipita Mpemba tukirudi. Siku zote nafumba macho pale. Leo niliyafungua. Majani yameota marefu, pembeni pana mtu kapanda maharage.

20 Machi

Nimeufunga mtungi kwa kamba chini ya kiti cha mbele. Baba mkwe ameuona. Hakuutoa.

28 Machi

Anania amemaliza mpira na kabureta. Pijo halinuki tena. Baba mkwe alikaa ndani linaunguruma, akavuta pumzi, akavuta tena, akaonekana mpweke. Nilimwomba Anania ajaribu kumshawishi kuhusu msumari na nyaya. Anania akakataa: "Mimi nimefukuzwa mara moja, Mama. Inatosha."

Nikajaribu mwenyewe. "Baba, kwa ajili ya Recho. Waya tu. Tepu yake tutaihifadhi."

"Unataka kumfukua," akasema. Na hapo nikashindwa kuendelea, kwa kuwa sehemu yangu nyingine ilikuwa upande wake.

12 Aprili

Pasaka. Daraja la kwenda Kamsamba limesombwa. Magari yamekwama hapa Igamba, watu wanalala kwenye mashine ya kusaga. Makene yumo miongoni mwao. Alikuwa anarudi kwao.

14 Aprili

Maneno yameanza. Vijana wanapita karibu na mashine wanasema kwa sauti, mchawi amefuata harusi. Nimempelekea Makene viazi na maziwa mchana kweupe, ili waone. Alisema, "Shemeji, nitaondoka hata kwa miguu." Nikamwambia mto umejaa, utaondoka kwenda wapi.

Recho aliniuliza jana, "Mama, kweli yule alimvuta baba motoni?" Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kupepesa macho. Akasema, "Basi aje harusini." Nikamwambia babu yake hatakubali. Akasema, "Harusi ni ya nani?"

17 Aprili

Kesho. Nimeangalia betri, mtungi, mshale. Mvua bado.

Jumatatu, 20 Aprili

Sasa ndipo naweza kushika kalamu. Nitaeleza ya Jumamosi.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, siyo kubwa, ile ya kuloanisha kila kitu. Baba mkwe alikuwa na suti yake ya zamani, amelifuta Pijo hadi unajiona. Recho alikaa nyuma na msimamizi wake, gauni limejaa kiti chote. Mimi nilikaa mbele, miguu yangu inagusa mtungi. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni mteremko, kisha unapita mashine ya kusaga, kisha unapanda. Watu walikuwa wamejipanga pembeni na miavuli na majani ya mgomba vichwani, wanapiga vigelegele.

Tulipofika kwenye mteremko honi ikaanza kulia. Baba mkwe alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, hakuwa ameibonyeza. Alinigeukia na uso ambao sitausahau, uso wa furaha tupu. "Unamsikia? Anashangilia! Anamsindikiza mwanaye!" Watu nje wakazidisha vigelegele wakidhani ni sisi.

Haikunyamaza. Mara zote ilikuwa inakatika. Safari hii ilishika sauti moja, ikapanda, ikapanda. Nikanusa. Haikuwa petroli. Ilikuwa harufu ya mpira na kitambaa vinavyoungua. Moshi mwembamba ukatoka chini ya dashibodi ukanipita magotini.

"Baba, simama."

"Ni mvuke tu."

"Baba, simama! Zima gari!"

Recho akapiga kelele nyuma. Hapo akasimama, tupo mbele kabisa ya mashine ya kusaga. Nilifungua mlango wa nyuma nikamvuta Recho kwa gauni, likachanika, nikamvuta hivyo hivyo, na msimamizi wake akaanguka juu yetu kwenye matope. Honi bado inalia. Moshi mweusi sasa ulikuwa unatoka kwenye matundu ya mbele ya gari na rangi ya boneti ilianza kutoa malengelenge.

Nilipoinua kichwa nikamwona baba mkwe anakwenda mbele ya gari. Kuna mtu amempa ndoo ya maji. Aliiweka chini, akaingiza vidole kwenye boneti.

Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Niliona mgongo wake na nikaona mgongo wa Ezron, suti ile ile waliyokuwa wanaazimana.

Sauti iliyotoka haikuwa yangu. "Usifungue! Mzee, usifungue boneti!" Makene alitoka kwenye mashine anakimbia, shuka limemdondoka, akamkumbatia baba mkwe kwa nyuma kwa mikono ile akamrudisha. Baba mkwe akapiga mateke. Vijana wakapiga yowe, "Mchawi anamuua mzee!" na mmoja akainua gongo. Recho, na gauni lake la matope, alisimama kati yao na Makene, akanyoosha mikono. "Mguseni mkishaniua mimi," alisema. Kijana akashusha gongo.

Nilirudi garini nikauchomoa mtungi. Pini iligoma, nikaing'oa kwa meno. Makene alikuwa ananielekeza huku bado amemshikilia mzee: "Kwenye matundu kwanza! Chini, shemeji, chini!" Nilipuliza kupitia matundu ya mbele. Unga mweupe uliingia, moshi ukabadilika rangi. "Sasa inua kidogo tu, upana wa kidole, pitishia hapo." Nilifunga kitenge mkononi, nikainua upana wa kidole, nikapuliza hadi mtungi ukaisha.

Honi ilikata.

Tulisubiri. Mvua inanyesha juu ya boneti inatoa mvuke. Ndipo Anania, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, akaja na spana akafungua boneti taratibu akang'oa betri. Alitazama ndani akasema kwa sauti ya chini, bila majivuno yoyote, "Mpira mpya haukuungua. Ungekuwa ule wa zamani, petroli ingemwagika hapa. Tungekuwa tunasema mengine sasa hivi."

Chini ya dashibodi hakukubaki kitu. Tepu zote zimeyeyuka, zimekuwa uji mweusi uliokauka. Nilipapasa kutafuta ncha moja tu yenye meno yake. Hakuna.

Baba mkwe alikaa kwenye matope na suti yake. Makene alikuwa amemwachia na amesogea mbali, anaokota shuka lake. Recho alimwendea babu yake akamshika mkono. "Babu, simama. Kanisa siyo mbali." Alikwenda kwa miguu, viatu mkononi, gauni limechanika hadi gotini, na mzee pembeni yake, na kijiji kizima nyuma. Zabron alipomwona Recho alilia waziwazi.

21 Aprili

Recho na Zabron wameondoka kwenda Mkwajuni. Wamepitia Mbeya.

24 Aprili

Mvua ilinyesha usiku. Nimelala macho wazi nikisubiri sauti nikijua haiwezi kuja. Asubuhi nimemkuta baba mkwe amekaa bandani kwenye kiti cha Pijo, mlango wazi. Naye alikuwa anasubiri.

Jumapili, 26 Aprili

Baada ya ibada baba mkwe hakwenda bandani. Alisema, "Mama Recho, nenda mashineni kamwite yule mtu."

Makene alikuja, akasimama uani, hakutaka kuingia. Baba mkwe akamwonyesha kiti, Makene akakaa ukingoni kama mtu anayetaka kukimbia. Kuku walipita katikati yao.

"Ulinishika kwa nguvu," baba mkwe alisema hatimaye. "Mbavu zinaniuma hadi leo."

"Nisamehe, mzee."

"Mwanangu ulimshika hivyo?"

Makene aliinamisha kichwa. "Yeye nilichelewa."

"Nieleze."

Akaeleza. Yale yale aliyonieleza Mlowo: harufu, moshi, boneti, maji. Baba mkwe safari hii hakuziba masikio. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia. Makene alipofika mwisho, mzee akauliza, "Alisema kitu?"

Makene alinitazama mimi. Hili hakuwa ameniambia. "Nilipomshika, mzee, alikuwa ananisukuma. Nilidhani ni maumivu. Alikuwa anasema, 'Makene, rudi nyuma. Rudi nyuma, utaungua.' Alirudia hivyo hadi nguvu zikamwishia. Nina hakika mikono hii ingeisha yote kama asingenisukuma."

Baba mkwe aliangalia milima ya upande wa Unyiha chini, kulikokuwa na mwanga kidogo baada ya mvua. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha akaniambia, "Chakula kiko tayari?"

"Kiko tayari, baba."

"Lete maji ya kunawa."

Nilileta birika na beseni. Nilitaka kumnawisha mgeni kama ilivyo kawaida yangu, lakini baba mkwe alinyoosha mkono akalichukua birika. Aliinuka kwa shida, akishika mbavu, akainama mbele ya Makene, akammiminia maji kwenye mikono ile polepole, kidole kwa kidole, vile vilivyoshikana na vile vilivyobaki. Maji mengine yalimwagika nje ya beseni. Kisha baba mkwe akamwita mkekani, akaketi naye mkeka mmoja, akamega ugali, akauchovya kwenye maziwa ya mgando, na kwa kuwa vidole vya yule mtu havikuweza kushika vizuri, akamlisha.